Mfuko wa Majina

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hutufunza kwamba jambo linalomshinda mmoja huwezekana wengi wakishikana. Karibu kila aliyepita darasa la nne amewahi kuiandikia insha, akapewa alama zake na kuisahau kabla wino haujakauka. Ni wachache mno walioiona ikitendeka mbele ya macho yao, tena kwenye kioo cha kompyuta, saa tisa na nusu alasiri, jua la Lodwar likiunguza mabati. Watu kumi na wawili waliiona siku hiyo.

Ilikuwa mwaka 1998. Nyuma ya kanisa moja mjini Lodwar, si mbali na mto Turkwel, palikuwa na kituo kidogo cha mafunzo. Kilikuwa chumba kimoja tu chenye kompyuta mbili, zilizofunikwa leso ili vumbi lisizimalize. Jenereta iliwashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na moja, kwa sababu dizeli ilitoka Kitale na haikuja kila wiki. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na mwalimu wao alikuwa Bwana Ethuro, Mturkana mrefu aliyesomea Nairobi akarudi kwao na miwani. Ulimi wake haukuwa na mfupa. Mwanafunzi aliyeandika kwa kidole kimoja alimwita kuku anayedonoa mtama, na aliyestahili sifa hiyo kuliko wote alikuwa Lokeno, kijana kutoka Lorugum, ambaye kidole chake kilizunguka juu ya herufi kama kimepotelewa na mbuzi.

Miongoni mwa hao kumi na mmoja alikuwamo Alek, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa cha miezi mitatu, na alikitunza ndani ya Biblia. Hakuwa msemaji. Wenzake walidhani anaringa, kumbe moyo wake ulikuwa umebeba mzigo usiotulia.

Mzigo wenyewe ulikuwa mama yake. Mwaka 1987 vita vilipofika kijijini kwao, kusini mwa Sudan, Alek alikuwa na miaka minane na mdogo wake Kuol mitano. Asubuhi hiyo Kuol alikuwa amefuatana na wavulana wakubwa kwenye zizi la ng'ombe. Risasi zilipolia, wavulana wale walikimbilia mashariki. Baba yao, Aguer, aliuawa. Mama yao, Achan, alimshika Alek mkono wakakimbilia upande mwingine, wakahangaika toka mahali hadi mahali miaka sita, hatimaye wakafika Kakuma mwaka 1993. Huko waliambiwa kwamba mwaka uliotangulia maelfu ya wavulana waliingia kambini kwa miguu, wakiwa wamepitia Ethiopia, bila baba wala mama.

Achan alipopata habari hizo hakulala. Kulipokucha alikwenda kwenye ofisi ya kutafuta jamaa akauliza, "Mko na Kuol, mtoto wa Aguer?" Karani alipekua kadi zake akasema hakuna. Aliuliza tena mwezi uliofuata, na uliofuata, kwa miaka mitano. Mara tatu aliletewa mvulana aitwaye Kuol, na mara tatu alimtazama, akampa uji, akamrudisha alikotoka. Uji huo aliupakua kwa mkono wa kushoto, mkono aliofanyia kila kitu, ingawa majirani walimsema kwamba si adabu kumpa mgeni chakula kwa kushoto. Achan aliwajibu kwamba Mungu ndiye aliyemgawia mikono.

Mwaka huo wa sita subira yake ilikwisha. Alek alipokwenda kumuaga kabla ya kuanza masomo, alimkuta amefunga mzigo.

"Kama hayuko hapa, yuko kule," Achan alisema. "Kuna lori la sabuni litakwenda Lokichoggio Jumatatu ya mwisho wa mwezi wa saba. Nitapanda hilo. Kutoka Lokichoggio nitavuka mpaka na wachuuzi."

"Mama, kule bado wanapigana!"

"Najua."

"Utakufa njiani, na Kuol hutampata."

"Alek binti yangu, miaka mitano nimeuliza. Nipe sababu moja ya kubaki, nitabaki."

Alek alikwenda Lodwar akiwa na sura ya mwanafunzi, akilini akisubiri tanzia. Kila asubuhi alihesabu siku zilizobaki kabla ya Jumatatu hiyo.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Mwalimu Ethuro alifundisha somo jipya. Aliandika ubaoni neno KAMUSI.

"Hii si kamusi ya kubeba kwapani," alisema. "Ni namna ya kompyuta ya kukumbuka. Unaipa neno la kuitia, hilo ndilo ufunguo. Unaipa na kitu cha kutunza, hiyo ndiyo thamani yake. Ukitaja ufunguo, mashine inakutolea kile kitu. Haya, kila mtu aandike watu watano wa kwao. Namba ndiyo ufunguo, jina ndilo thamani."

Wakaanza. Lokeno aliandika namba moja, akadonoa jina la baba yake: Ejore. Kisha akakumbuka kwamba baba yake ana jina la maksai wake mwekundu ampendaye, nalo ni Apaloreng, na kwamba wazee wenzake hawamwiti kwa jingine. Akaandika tena namba moja, Apaloreng. Mwisho, kwa kuwa alikuwa kwenye uwanja wa kanisa na hakutaka lawama, akaandika namba moja, Daudi, jina la ubatizo. Akaiuliza mashine: namba moja ni nani? Kioo kikajibu: Daudi.

Lokeno aliuliza mara tatu. Kisha akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mwalimu! Hii mashine imekula baba yangu!"

Darasa zima liliangua kicheko.

"Musicheke! Ejore hakuna, Apaloreng hakuna. Imeacha Daudi peke yake, na Daudi si mtu! Daudi haendi malishoni. Ng'ombe zetu hazijui Daudi!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. "Lokeno, umeweka kigoda kimoja, halafu umeita watu watatu wakae. Kila anayekuja anamsukuma aliyekaa. Si kosa la mashine, ni kosa la kigoda."

"Sasa nitafanya nini? Baba ni hao wote."

"Usiweke kigoda. Weka mfuko." Mwalimu akageukia ubao, akaandika neno SETI. "Seti ni mfuko. Kwenye ile namba moja, badala ya kutunza jina, tunza mfuko, halafu tia majina ndani. Mfuko huu una tabia zake. Hauna wa kwanza wala wa mwisho. Na ukitia kitu kilekile mara kumi, unakishika mara moja tu, hauwezi kudanganywa."

Lokeno hakuamini. Akaweka mfuko, akatia Ejore mara saba, Apaloreng, Daudi, kisha Ejore tena kwa ukaidi. Akauliza: namba moja ni nani? Kioo kikatoa majina matatu yakiwa pamoja, kila moja mara moja, bila kusukumana. Kicheko kilikatika. Mashine ile ya kigeni, isiyowahi kuona ng'ombe, ilikuwa imemtaja mzee wa Lorugum kama watu wake wanavyomjua. Lokeno alikigusa kioo kwa kidole chake kimoja, polepole, kama anayegusa uso wa mtu aliyelala.

"Ejok, baba," alinong'ona, akimsalimu kwa Kiturkana.

Mawazo ya Alek yalikuwa Kakuma, kwenye meza ya karani, mbele ya sanduku la kadi. Aliwahi kukaa pale wiki mbili akiwatafsiria wageni, na aliona mambo yanavyokwenda. Kadi ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Mvulana akija kusema kwamba sasa amebatizwa, au anataka jina la mjomba wake, karani alichukua chupa ya wino mweupe wa kufutia, akapaka juu ya jina la zamani, akapuliza ukakauka, akaandika jipya. Hakuwa na ubaya. Mstari ulikuwa mmoja. Na mama yake miaka yote mitano alikuwa akiita jina moja, la kwanza kabisa, lililolala chini ya rangi nyeupe.

Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama mtu ako na majina mengi, na mimi najua tatu tu?"

"Unaiuliza mashine, mfuko gani una haya matatu yote? Itapita mfuko kwa mfuko, na itakuambia."

"Hata kama mifuko ni mingi?"

"Hata kama ni mingi kuliko mawe ya Lodwar. Yenyewe haichoki. Anayechoka ni wa kuijaza."

Siku hiyohiyo Alek alimwandikia barua Mwalimu Yai, kijana wa kwao aliyefundisha katika shule moja kambini. Alimwomba awape wavulana waliokuja bila wazazi zoezi la insha: "Majina yangu yote, na walioniita." Alimsihi asiwaambie sababu na asitaje jina la mtu yeyote. Barua ikaenda na dereva wa lori.

Majibu yalikuja Jumatano ya wiki ya mwisho. Lilikuwa gunia zima. Ndani mlikuwa na karatasi mia nne na kumi na mbili, zimetiwa namba, na kipande kidogo kutoka kwa Yai: "Dada Alek, niliomba na shule mbili za jirani zifanye. Watoto waliandika saa mbili bila kelele. Mimi nimefundisha miaka minne, sijaona kitu kama hiki. Wengine waliomba karatasi ya pili. Sikuwaambia sababu."

Alek alikaa kwenye kivuli cha ukuta akaanza kusoma. Kila mtoto alikuwa ameacha jina katika kila mahali alipopita: moja kijijini, moja njiani, moja Ethiopia, moja kanisani. Yalikuwamo majina ya ng'ombe, ya mito, ya manabii, ya marafiki waliokufa. Aliposoma karatasi ya ishirini alilazimika kuikunja na kupumua. Alijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba asiyostahili kuingia.

Ndiyo maana akaamua kufanya kazi ile peke yake. Alijiambia kwamba hizi ni siri za watoto, na kwamba wenzake, watu wa kucheka, hawatazielewa. Alhamisi na Ijumaa aliomba kompyuta moja akaandika bila kuinua macho. Lakini haraka haraka haina baraka. Alikuwa mwanafunzi wa wiki chache tu, na akili yake ilikuwa kwenye lori la Jumatatu. Ijumaa saa kumi na dakika hamsini, akiwa amefika karatasi ya mia moja na thelathini, aliijaribu mashine. Akaiuliza: karatasi ya kwanza ni nani? Mtoto yule alikuwa na majina sita. Kioo kilitoa moja.

Akauliza ya pili. Moja. Ya hamsini. Moja.

Alikuwa ameweka vigoda. Siku mbili nzima majina yalikuwa yakisukumana na kuanguka, sawa na kadi za yule karani, na aliyekuwa na wino mweupe mkononi safari hii ni yeye mwenyewe. Jenereta ikazimwa. Alek aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, mbele ya watu wote aliowaficha jambo lake.

Mwalimu Ethuro, kwa mara ya kwanza, hakuwa na utani. Alivuta kigoda, akaketi kando yake. "Tuambie," alisema.

Akawaambia. Aliwaeleza habari za Kuol, za kadi, za mama yake na lori la sabuni.

"Lori iko lini?" Lokeno aliuliza.

"Jumatatu. Saa tano."

"Na leo Ijumaa! Dada, kwa nini hukusema?"

"Ni majina ya watoto. Niliogopa mtacheka."

Lokeno alivuta kiti karibu. "Kwetu jina ya maksai ya mtu haichezewi," alisema. "Mtu anaweza kupigana kwa sababu ya hiyo. Tutasoma na heshima. Mimi naandika na kidole moja, lakini hiyo moja ni yako."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku isiyo na masomo. Walipofika saa mbili asubuhi, jenereta ilikuwa ikinguruma. Mwalimu alikuwa amemimina dizeli yote ya wiki iliyofuata.

"Wiki ijayo tutajifunza kwa chaki," alisema. "Sasa sikilizeni. Kompyuta hii inachukua karatasi mpaka mia mbili na sita, ile inamalizia. Mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anakagua kwamba ni mfuko, si kigoda. Ukichoka, mwenzako anaingia. Lokeno, leo donoa. Donoa, kuku wangu, wala usione haya."

Walianza. Hakuna aliyecheka. Sauti zilisoma majina ya watu wasiowajua, na vidole viliandika, vingine kumi kwa pamoja, kingine kimoja, tok, tok, tok, bila kukoma. Mwanafunzi mmoja kutoka Lokichar, aliyekuwa mpenda mzaha kuliko wote, alifika kwenye karatasi ya mtoto aliyeandika "jina langu la kwanza nimelisahau, naomba mliachie nafasi," akatoka nje, akanawa uso, akarudi akaendelea. Saa sita ikapita bila chakula. Saa tisa na robo karatasi ya mwisho ikaingia, Mwalimu akahamisha kazi ya mashine moja hadi nyingine kwa diski, na wote kumi na mmoja wakajazana nyuma ya kiti cha Alek.

Nyumbani Kuol alikuwa na majina matatu. Kuol lilikuwa jina la kuzaliwa. Makuei ni jina ambalo baba alimwitia akimwonyesha ndama wake, mweusi mwenye kichwa cheupe. Na Nhial, linalotokana na mbingu na mvua, ni jina la mama peke yake, kwa sababu mtoto alizaliwa usiku ambao mvua iliingia ndani ya nyumba.

Alek aliiuliza mashine: wenye Kuol ni wangapi? Hamsini na saba.

"Wengi," mtu alisema.

Wenye Makuei? Thelathini na mmoja. Wenye Nhial? Arobaini na wanne. Hakuna jina hata moja kati ya hayo lililoweza kumtoa mtoto katika lile kundi. Akaandika matatu yote pamoja, akauliza mfuko gani unayo yote, akabonyeza.

Kialama cha kijani kiliwaka na kuzima, kikawaka na kuzima. Mashine ilikuwa ikipita mlango kwa mlango, katika maisha ya watoto mia nne na kumi na wawili, ikiuliza swali lilelile bila kuchoka. Kisha mstari mmoja ukatokea, na chini yake hapakuwa na kitu.

238.

Jenereta ilinguruma nje, nzi akatua kwenye kioo akaondoka, na watu kumi na wawili wakatazama namba moja. Mwalimu Ethuro, aliyeyajua mambo yale kwa vitabu na kuyafundisha kwa chaki, alikuwa ameshika kifua. Lokeno ndiye aliyeingiza mkono katika gunia akaitoa karatasi yenyewe. Alimpa Alek, naye akasoma kwa sauti.

"Jina langu la kadi ni Yakobo Kuot. Yakobo nilipewa na padri. Kuot alikuwa mvulana aliyenibeba mgongoni tukivuka mto. Alikufa, nikachukua jina lake ili lisipotee. Njiani wakubwa waliniita Kuol, nafikiri hilo ni la zamani. Mwanamume mmoja aliniita Makuei, kulikuwa na ndama. Na kuna Nhial. Sijui nani aliniita hivyo. Nakumbuka mkono tu, wa kushoto, unaniosha uso."

Alek aliketi sakafuni, karatasi ikiwa kifuani, wala hakuweza kuinuka mpaka walipomwinua.

Jumapili hapakuwa na magari. Msafara wa kwanza uliosindikizwa na polisi uliondoka Jumatatu alfajiri, na Alek alikuwa ndani yake, juu ya magunia, akiomba kila gurudumu lisipasuke. Alifika Kakuma saa nne. Alikimbia moja kwa moja hadi shuleni kwa Yai.

"Mia mbili thelathini na nane?" Yai alipekua daftari lake, na mkono wake ukasimama. "Alek, huyu ni Yakobo. Anachota maji kwenye bomba moja na mama yako. Huyu mtoto nimemwona akimpisha mama yako kwenye foleni!"

Walimchukua Yakobo darasani, na saa tano kasoro robo wakalikuta lori la sabuni sokoni, injini ikiwaka. Achan alikuwa tayari juu, ameketi kwenye katoni, mzigo wake magotini na dumu la maji ubavuni.

"Mama, shuka! Tumempata!"

Achan alimtazama mvulana aliyesimama nyuma ya Yai. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama mwanzi, uso umejaa vumbi. Hakuona chochote anachokijua. Mvulana naye alimwangalia mama yule wa foleni ya maji kwa heshima na woga.

"Wa nne huyu," Achan alisema kwa uchovu. "Jina lako nani, mwanangu?"

"Yakobo Kuot, mama."

Achan akatikisa kichwa. "Alek, umempangia maneno?"

"Sijamwambia kitu. Aliandika mwenyewe kabla hajajua anatafutwa." Na Alek akamsomea karatasi, pale chini ya lori, sauti ikipanda juu ya mlio wa injini. Alisoma Kuol, na mama hakusogea. Alisoma Makuei, na mama akauweka mzigo kando. Aliposoma maneno ya mwisho, Achan aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza.

Alishuka. Alilishusha na dumu lake, akamimina maji kiganjani, kiganja cha kushoto, akamwendea mvulana. Hakumwita jina. Alimwosha uso, kuanzia paji, akishuka shavuni, akimalizia kidevuni kama anavyooshwa mtoto mdogo. Mvulana alifumba macho. Akiwa bado amefumba macho aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ni huu," alisema. "Mama, ni huu mkono."

"Nhial," Achan aliita.

"Naam."

Soko zima la Kakuma lilisimama. Wanawake waliokuwa wakipima mtama waliacha vipimo hewani, na Yai aligeuka akatazama ukutani maana machozi ya mwalimu hayafai mbele ya mwanafunzi. Dereva alichungulia dirishani. "Mama, unapanda ama hupandi?"

"Nirushie mzigo wangu," Achan alijibu bila kugeuka. "Safari yangu imeishia hapa."

Jioni, wakiwa watatu mbele ya nyumba yao ya matope, Achan aliuliza yale ambayo yangemshangaza yeyote. "Alek, mashine hiyo ilimjuaje mwanangu, na mimi niliyemzaa alinipisha kwenye foleni nisimtambue?"

"Haikumjua, mama. Kuol walikuwa hamsini na saba. Makuei peke yake lisingetuonyesha mtu, wala Nhial. Hata mimi nilipojaribu peke yangu niliharibu. Ni majina yalipokutana, na watu walipokutana kuyaandika."

"Walioandika walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili, pamoja na mimi na mwalimu."

Achan aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa cha mwanawe. "Nitajie majina yao," alisema. "Yote. Na kama mtu ana mawili au matatu, usiniachie hata moja."

Alek akaanza na Lokeno, kijana wa Lorugum, mwana wa Ejore, ambaye pia ni Apaloreng, ambaye pia ni Daudi, aliyeandika toka asubuhi hadi alasiri kwa kidole kimoja kati ya vidole vya watu kumi na wawili. Na mama akayarudia majina hayo moja baada ya jingine kama sala, kwa maana alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.